Dawa ya nyumbani: vodka iliyopungua kwenye chupa ilivyofichua utani mbaya

Kuna kinywaji kinaitwa dawa, na wanaokijua wanajua hakitibu mafua wala malaria. Ni vodka, ndimu, sukari, asali na barafu, basi. Kimeanza kujulikana Nairobi, na sehemu inayotajwa zaidi ni ule mgahawa wa nyama choma wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980. Wazo lenyewe limetoka Brazil, ambako wana kinywaji chao cha caipirinha, ndimu zilizopondwa na sukari, kisha pombe ya miwa inayoitwa cachaça. Kenya wakaweka vodka badala ya cachaça, wakaongeza asali kwenye kijiti, wakaipa jina la Kiswahili. Watalii wakaipenda, na siku hizi ukiingia hoteli za Dar, Arusha au Zanzibar utaikuta kwenye menyu.

Dada mmoja wa Kijitonyama aliipenda sana hiyo kitu. Ana miaka 27, anafanya kazi ya keshia, mshahara wake ni ule wa kuisha tarehe 12. Kila mwisho wa mwezi yeye na wenzake watano walikuwa wanatoka kwenda kupiga stori, na kila wakitoka dawa inaagizwa. Siku moja akakaa akapiga hesabu zake, akaona glasi tatu za baa zinanunua chupa nzima ya vodka dukani. Na chupa ya mililita 750, ukipima mililita 60 kila glasi, inatoa glasi 12. Akasema haiwezekani, kuanzia sasa tunakunywa kwangu.

Na kusema ukweli alijifunza vizuri. Hakukurupuka. Vodka alinunua duka linalojulikana, chupa ina kizibo ambacho hakijaguswa na ina stempu ya kodi. Hakuhangaika na zile za kujazwa vichochoroni, kwa sababu pombe iliyochanganywa na methano huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha, na inaua au inapofusha. Asali akaagiza ya Tabora. Ndimu akachagua zile zenye ganda jembamba, laini ukizibonyeza, maana ngumu hazina maji.

Jinsi anavyofanya ni hivi. Ndimu moja inakatwa vipande vinane pamoja na ganda lake, inaingia kwenye glasi nene na kijiko kidogo cha sukari. Halafu inapondwa kwa mchi. Hapa wengi wanaharibu. Ukitumia mchi wa kitunguu saumu, glasi nzima inanuka mboga, kwa hiyo yeye ana mchi wake mdogo wa pembeni. Na haupondi kama unaponda kisamvu. Unabonyeza mara tano, sita, unazungusha, unaacha. Ganda la ndimu lina mafuta yenye harufu nzuri, ila ile nyama nyeupe ya ndani ukiiponda sana inatoa uchungu ambao hata sukari haiuondoi.

Baada ya hapo barafu. Anaifunga kwenye kitambaa safi anaipiga na mwiko mpaka inavunjikavunjika, anajaza glasi. Vodka mililita 60. Mwisho kijiti. Anachukua kijiti cha mishikaki, anakata ile ncha kali, anakizungushia asali nene mpaka inashika. Asali ikigusana na barafu inakuwa ngumu, haiyeyuki haraka, ndiyo maana inawekwa kwenye kijiti. Mnywaji mwenyewe anakoroga na kuponda taratibu, na kila akikoroga utamu unaongezeka. Anayemimina asali moja kwa moja anaishia kuikuta yote imelala chini ya glasi.

Kipimo chake ndicho kilichowachekesha wenzake. Alitumia kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na sirapu ya kikohozi, chenye alama ya mililita 15. Mara nne, glasi imetimia. Wakamwita daktari. Lakini alikuwa na sababu. Vodka nyingi ni asilimia 40, kwa hiyo mililita 60 zina kama mililita 24 za kileo chenyewe. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Yaani hiyo glasi ndogo ya ndimu ni sawa na chupa kubwa ya bia, sema inashuka kama juisi. Ukimimina kwa macho unajikuta umeweka mara mbili, na mtu anajua amelewa akishanyanyuka kwenye kiti.

Sasa kati ya wale wenzake watano kulikuwa na kaka mmoja dereva wa bajaji. Huyu alikuwa ameacha pombe, ana miezi minne. Hakuacha kwa sababu ya dini wala mchumba. Aliacha kwa sababu alipindua bajaji akiwa amelewa, mdogo wake yuko kiti cha nyuma, dogo akavunjika mguu. Stori yenyewe wote sita waliijua. Na wote waliona raha, maana tangu aache ndiye aliyekuwa anawarudisha nyumbani.

Dada wa watu alimheshimu. Alimtengenezea ya kwake bila vodka. Ndimu, sukari, barafu, kijiti cha asali, juu yake soda maji. Glasi ile ile, kijiti kile kile, ili asionekane kama mgonjwa katikati ya wazima. Kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi.

Raundi ya kwanza ikapita salama. Glasi tano za vodka, moja bila. Raundi ya pili msichana mmoja akasema imemtosha, kwa hiyo zikawa nne za vodka na moja bila. Dada akapima, akapanga kwenye sinia, akaona barafu haitoshi. Akaenda kuomba kwa mama mwenye nyumba. Wengine walikuwa kibarazani wanacheza muziki. Mezani alibaki mshkaji mmoja, yule ambaye kila kundi linaye, mchekeshaji, anayeona mtu asipolewa sherehe haijaanza.

Dada aliporudi aliongeza barafu, akagawa glasi. Wakanywa, wakacheka, usiku ukaisha. Saa sita kasoro dereva akasema bajaji inasumbua plagi, anaiacha pale pale uani. Akawaitia wenzake usafiri mwingine kwa simu, yeye akapanda bodaboda akaondoka. Hakuna aliyeshangaa.

Asubuhi dada anafagia, anaiangalia ile bajaji. Plagi? Mbona ilikuja inanguruma vizuri? Kitu kikamgonga. Akaingia ndani akachukua chupa. Glasi tisa mara 60 ni 540. Kwenye 750 zinapaswa kubaki 210. Akaanza kupima na kile kikombe chake anachochekwa nacho, anamimina kwenye jagi huku anahesabu. Zilipaswa kutoka kama vikombe 14. Vikatoka 10. Mililita 60 hazipo. Glasi moja kamili.

Akamtumia meseji yule mchekeshaji. Jamaa hata hakukataa. Alijibu na vikaragosi vya kucheka: "Dada nawe unapima pombe kama duka la dawa! Nilimchangamsha kidogo, alikuwa anatukatia stimu." Akaulizwa, unajua huyo ndiye alikuwa anakurudisha wewe nyumbani? Tiki mbili za bluu, kimya.

Ishu ikawa kumwambia dereva au kumficha. Rafiki yake mmoja akamshauri anyamaze, kwamba kama kaka hakugundua basi hajavunja chochote, na kumwambia ni kumtia presha. Ukiisikia haraka unaona kama busara. Lakini glasi ilitoka kwenye sinia lake, na mkono uliomkabidhi ni wake. Akinyamaza, siri inakuwa ya watu wawili, yeye na aliyemimina. Akapiga simu.

Akaeleza yote. Upande wa pili kimya, mpaka akadhani simu imekatika. Halafu kaka akasema: "Nilijua kwenye funda la pili, dada'angu. Nikamalizia tu. Ni kwako, umenikaribisha, sikutaka nionekane mkorofi mbele za watu. Ila bajaji nikaona siwezi kuiendesha."

Hapo ndipo dada alikaa chini sebuleni akalia. Mtu amehangaika miezi minne, halafu anaitwa mkorofi akisema hapana. Na kwa sababu aliogopa hilo neno, akanywa. Angeweza kuamua vingine pia. Angeweza kusema lishaharibika liharibike, akaongeza ya tatu, akawasha bajaji na watu watatu nyuma. Hakuna angejua sababu. Wote wangesema, si mnaona, walevi hawabadiliki.

Kundi likagawanyika. Wapo wanaosema dada ameikuza, toti mbili hazijaua mtu. Wapo waliomtaka mchekeshaji aondoke kwenye grupu. Yeye mwenyewe aliandika samahani moja, neno moja tu, halafu akatuma video ya vichekesho. Mpaka leo anashangaa kwa nini hakuna aliyecheka.

Lakini ukweli uko wazi. Kumwekea mtu pombe bila yeye kujua siyo utani, hata kama wewe unaona ni kidogo. Humjui vizuri kama unavyodhani. Anaweza kuwa yuko kwenye dozi ambayo ameambiwa asichanganye na pombe. Anaweza kuwa na mimba ya wiki sita ambayo hajamwambia mtu. Anaweza kuwa Muislamu ambaye anakaa na nyie kwa sababu anawaamini. Anaweza kuwa na funguo za gari mfukoni. Na hiki kinywaji ndicho kibaya zaidi kwa mchezo huo, kwa sababu vodka haina harufu kali, ndimu na asali vinaficha ukali wake. Konyagi ungeisikia kwenye pua kabla haijafika mdomoni. Hii inapita kimya kimya.

Na ikishaingia haitoki kwa ujanja. Kahawa haiitoi, kuoga maji ya baridi hakuitoi, ndimu nyingi ndiyo kabisa. Ini linafanya kazi yake kwa mwendo wake, linataka masaa. Kwa hiyo aliyemimina kwa sekunde tano amemkabidhi mwenzake usiku mzima wa kuubeba.

Dada hajaacha kutengeneza dawa, ila amebadilisha mambo. Glasi zisizo na vodka zinatengenezwa kwanza, kabla chupa haijafunguliwa, na mwenyewe anakabidhiwa mkononi, hazikai kwenye sinia. Zinawekwa kijiti chenye kipande cha tangawizi, ili hata taa zikizimwa anayekunywa ajue. Chupa ikishapimwa inarudi kabatini. Anayekataa haulizwi kwa nini. Na yule mshkaji haalikwi, angalau kwa sasa.

Siku dereva alipokuja kuchukua bajaji, dada alimwandalia ile dawa nyingine, ya moto, tangawizi, ndimu na asali, ambayo migahawa ya Nairobi inaiita dawa vile vile na haina pombe hata tone. Kaka alisimama mlangoni mwa jiko muda wote, anaangalia mikono yake. Akaomba akamue ndimu mwenyewe. Dada akampisha, hakusema kitu. Imani ikivunjika ndani ya glasi, hairudi kwa kuambiwa tu niamini.

Akahesabu upya. Miezi minne imekwisha, sasa ana siku tisa.

Haya mdau, wewe ungekuwa yule dada ungemwambia au ungenyamaza? Na ungekuwa wewe ndiye mwenye glasi, ungeiweka chini mbele ya watu wote?