Amana ya Majalada

Kila kazi ina amana yake, lakini si kila amana huonekana kwa macho. Mchungaji hukabidhiwa kondoo, naye jioni huwahesabu. Mtunza hazina hukabidhiwa fedha, nazo huandikwa daftarini. Mimi nimekabidhiwa habari za maradhi ya watu nisiowajua, nami hufanya kazi hiyo nyumbani kwangu, mbele ya kompyuta, mbali na kitanda cha mgonjwa na harufu ya dawa.

Kazi yenyewe ni hii. Daktari akimaliza kumtibu mgonjwa, huandika habari za ugonjwa na tiba. Maandishi hayo hunifikia kwa njia ya intaneti. Huyasoma neno kwa neno, kisha kila ugonjwa huupa alama yake ya herufi na tarakimu. Alama hizi hazikuzuka jana. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya sababu za vifo ili mataifa yapate kulinganisha hesabu zao. Orodha hiyo imerekebishwa mara nyingi, na tangu mwaka 1948 imekuwa mikononi mwa Shirika la Afya Duniani. Katika toleo lake la kumi, E10 ni ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, na E11 ni wa aina ya pili. Tofauti ni tarakimu moja tu. Walakini mgonjwa wa kwanza hawezi kuishi bila insulini, na wa pili aghalabu huanzishiwa vidonge. Kidole kikiteleza, daktari atakayelisoma jalada hilo kesho aweza kupotoshwa, bima huenda ikakataa kulipa, na hesabu ya taifa itasema uongo.

Ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, tuliambiwa tukafanyie kazi nyumbani. Rafiki zangu walinipongeza, ati nimepata raha. Raha ipo: nauli hubaki mfukoni, na chakula cha mchana hukila kingali moto. Lakini nyumba nayo ina masharti yake. Stima hukatika, mgeni hudhani kuwa aliye nyumbani hana kazi. Zamani niliposhuku neno la daktari, nilimwuliza mwenzangu aliyeketi karibu. Sasa huuliza kwa maandishi, nikangoja.

Juu ya hayo yote kuna siri. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa habari nyeti. Kwa hiyo hufunga mlango nifanyapo kazi, wala sichapishi karatasi hata moja. Walakini sheria haikai nami chumbani.

Siku moja nilifungua jalada nikaona jina la mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye huniita mwanawe. Sikusoma mstari wa pili. Nilimwarifu msimamizi kuwa mgonjwa yule namjua, naye akampa mtu mwingine kazi ile. Jioni nilikutana na mama huyo dukani.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo wanitazama kwa huruma?"

Nilicheka, nikauchukua mfuko wake, nikamsindikiza hadi kwake huku tukizungumza habari za bei ya sukuma wiki. Siku ile nilifahamu kuwa uso nao una ulimi, na kwamba mtunza siri hana budi kuyachunga macho kama achungavyo kinywa.

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata huingia ndani ya mtungi kila siku, na haitangazi iliyoyaona. Enyi vijana, wengi wenu mtafanya kazi mahali ambapo hapana msimamizi wa kuwatazama. Hapo ndipo mtakapojulikana thamani yenu, kwa kuwa mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kuja kuwakagua. Ameziacha habari zake mikononi mwenu, akalala usingizi.