Kutengwa Katika Ofisi ya Walimu

Katika kurasa hizi yamekwisha kuandikwa mengi juu ya andalio la somo, zana, na namna ya kuuliza maswali darasani. Leo napenda kuleta mbele ya wakufunzi wenzangu jambo ambalo fomu yetu ya kutathmini mazoezi ya kufundisha haina mstari wake, ingawa hudhoofisha somo kabla mwalimu hajashika chaki. Jambo hilo ni kutengwa kazini.

Sisemi juu ya matusi. Walimu wa mpango wa UPE, walioandaliwa kwa haraka baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, walibezwa kwa jina hilo hilo la UPE; na katika miaka ya 2000, walimu wa mafunzo ya muda mfupi walipopelekwa katika shule za kata, walibandikwa jina la "Voda Fasta". Aliyebandikwa jina huumia, lakini walau anajua kwamba ameonekana, tena aweza kujibu. Aliyetengwa hana la kujibu. Salamu yake huitikiwa kwa mkato, mazungumzo hukatika aingiapo, mkutano hufanyika bila yeye kujulishwa, na siku hizi taarifa hupita katika kundi la WhatsApp ambalo hakuunganishwa. Akilalamika, ataulizwa: nani amekukosea? Na kweli, hakuna aliyemtamkia neno baya.

Ubaya wa hali hii umepimwa. Mwaka 2000 Kipling Williams na wenzake waliwachezesha watu 1,486 kutoka nchi 62 mchezo wa kurushiana mpira kwa njia ya intaneti. Kila mmoja alidhani anacheza na watu wawili. Kumbe mirusho ilikuwa imepangwa, na baadhi yao walinyimwa mpira. Mchezo mfupi tu, na watu wasiojuana! Hata hivyo, kadiri mtu alivyonyimwa ndivyo alivyojisikia vibaya. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walitangaza mwaka 2014 kwamba watu huona kumpuuza mwenzao kazini kuwa ni kosa dogo kuliko kumsumbua waziwazi, lakini waliopuuzwa ndio walioelekea zaidi kuacha kazi.

Mwanachuo wetu mmoja, ambaye hapana haja ya kumtaja wala shule yake, alianza mazoezi vizuri sana. Wiki ya pili nilimkuta akifundisha sehemu katika Darasa la Nne kwa vizibo vya soda na machungwa, watoto wakigombea kujibu. Wiki ya sita nilimkuta mtu mwingine. Andalio lilikuwa limenakiliwa kitabuni, zana hakuna, na fimbo iko mezani. Mtoto aliyeomba arudiwe swali alifokewa. Mkufunzi mwenzangu akaandika katika fomu: "Amezembea." Niliomba tusitie sahihi kwanza.

Kisa tulikipata kwa mwanachuo mwenyewe, baada ya kusita sana. Alipokuwa zamu, wiki ya tatu, alijaza kitabu cha zamu kama alivyofundishwa chuoni: alitaja vipindi vitatu vilivyokosa mwalimu. Tangu siku hiyo hakugombezwa na mtu. Kiti chake ofisini kiliwekewa rundo la madaftari. Chai ya saa nne ilimiminwa, birika likampita. Akahamia chini ya mwembe, akawa anasahihishia huko, kisha akaacha kusahihisha.

"Mwalimu," aliniambia, "nilianza kujiuliza kama sauti yangu inasikika."

Sikuona uvivu hapo. Binti yule alikuwa akihesabu siku.

Hudhaniwa kwamba aliyetengwa atajitahidi zaidi ili apokelewe. Wengine hufanya hivyo hasa: hukubali kila kazi, hucheka mzaha usiochekesha, hata hufumbia macho wasiyopaswa kuyafumbia. (Mwanachuo wa namna hiyo, kwa bahati mbaya, sisi humpa alama nyingi za ushirikiano.) Wengine hugeuka wakali, na ukali huo hauwafikii waliowatenga. Huishia kwa aliye karibu na asiye na nguvu, naye ni mtoto wa dawati la mbele.

Tulizungumza na mwalimu mkuu. Hakuitisha mkutano, nami nashukuru, maana mahubiri yangemfanya binti awe mkosaji mara ya pili. Alimpangia kutunga na kusahihisha majaribio ya hisabati pamoja na mwalimu mmoja wa siku nyingi. Mama yule alimwita kutoka mlangoni, ofisi nzima ikisikia: "Mwanangu, njoo na daftari zako, peke yangu sitaweza." Walimu wawili hawakumwitikia salamu mpaka siku alipoondoka. Lakini katika wiki mbili zilizosalia fimbo iliondoka mezani, na vizibo vya soda vikarudi.

Nimependekeza chuoni kwetu maswali mawili yaongezwe katika fomu: nani alikujulisha juu ya mkutano wa mwisho wa walimu, na chai unainywea wapi? Wenzangu wamelicheka hilo la pili. Mimi siku hizi hupanga kufika shuleni saa nne kasoro dakika tano, kabla ya kuingia darasa lolote, nikaketi ofisini na kuangalia birika linavyozunguka.