Kura Yako Imo Chake Chake

Mwanangu Zuwena,

Baba yako ameniambia umepata kazi hotelini Nungwi. Mungu akutilie baraka. Lakini ameniambia pia kwamba habari ya kujiandikisha kupiga kura umeiweka kando mpaka ukishahamia Unguja. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Umetimiza miaka 18, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa kila Mzanzibari wa umri huo haki ya kupiga kura. Uraia wetu ni wa Tanzania, maana tangu 1964 uraia ni jambo la Muungano. Uzanzibari umewekwa na sheria yetu wenyewe ya 1985: Mzanzibari ni raia aliyekuwa akiishi visiwani hadi tarehe 12 Januari 1964, au aliyezaliwa hapa baada ya Muungano na mzazi wake mmoja au wote wawili ni Wazanzibari. Wewe umo katika hawa wa pili, na ushahidi wako ni cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari. Bila kitambulisho hicho huandikishwi.

Halafu kuna makaazi. Sheria ya uchaguzi inataka uwe umekaa jimboni miezi 36 mfululizo, na sheha ndiye anayekujua kuwa ni mkaazi wake. Wapo waliosamehewa, kama watumishi wa serikali na vikosi wanaohamishwa kikazi, lakini mfanyakazi wa hoteli simuoni humo. Ukifika Nungwi mikono mitupu, utakaa miaka mitatu huna pa kupigia kura. Mimi naona muda huo ni mrefu mno kwa vijana wanaofuata riziki, na ningependa Baraza la Wawakilishi liupunguze. Lakini madhali sheria ndiyo hiyo, tuifuate tusije tukaachwa nje.

Usione naikuza habari hii ya kura. Mwaka 1957, visiwa vilipochagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, bibi yako alikuwa mtu mzima na hakupiga kura, kwa sababu waliopiga walikuwa wanaume tu, tena wenye sifa za mali, elimu au umri. Wanawake walianza Januari 1961. Na uchaguzi huo ndio ambao hapa hapa Chake Chake mgombea wa chama cha ASP alishinda kwa kura moja. Moja, Zuwena! Kwa ushindi huo chama chake kilipata viti 10, ZNP 9 na ZPP 3, na wale watatu wa ZPP walipogawanyika kati ya ASP na ZNP, pande mbili zikawa 11 kwa 11. Serikali haikuweza kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na watu wakauana mitaani Unguja.

Najua wenzako watasema kura hailindwi. Wana sababu. Mwaka 1995 urais uliamuliwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na ugomvi wake ukatutafuna miaka. Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa wakati matokeo yakiendelea kutangazwa, ukarudiwa Machi 2016. Yaliniuma, na bado yananiuma. Hata hivyo kususa hakujatupa kitu. Kilichotupa kitu ni kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 tuliposema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Tangu hapo katiba inakipa chama cha pili nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, kikipata kura za kutosha. Hata kura ya aliyeshindwa ina pa kukaa.

Basi kabla hujapanda boti, nenda kwa sheha na kitambulisho chako, kisha uulize ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya wilaya lini wanaandikisha wapigakura wapya. Jiandikishe nyumbani. Siku ya kura ikifika uje, nauli ya kwenda na kurudi nitakupa mimi.

Shangazi yako