Barua ya Kumpokea Mgeni

Binti wa kaka yangu anauza vitenge sokoni Kikuubo, hapa Kampala. Juzi alinionyesha simu yake kwa fahari: mteja akimwandikia kwa mara ya kwanza, WhatsApp ya biashara inamjibu yenyewe kabla yeye hajaishika simu. Maneno ya salamu yalikuwa yale yale waliyoyaweka wenye programu. Hakugusa hata moja. "Shangazi," akaniuliza, "zamani zenu watu wakiandika usiku, nani alikuwa anawajibu?" Nikamwambia tulikuwa na karani asiyelala, na barua alizopeleka karani huyo nilikuwa naziandika mimi. Akadhani namtania.

Barua pepe iliingia Kampala kabla ya intaneti yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Charles Musisi na wenzake pale Chuo Kikuu cha Makerere walikuwa wakiendesha kituo cha mtandao wa FidoNet. Barua zilikusanyika kwenye kompyuta moja, zikangoja, kisha ikaunganishwa simu ya ng'ambo na mzigo wote ukapita kwenye modemu. Ukiuliza leo, ujibiwe kesho. Tovuti hatukuwa nazo, kwa hiyo kila jambo lilifanywa kwa barua, hata kujiunga na wenzako wa taaluma moja. Sisi wa afya tulijiandikisha kwenye listi za barua pepe, ambapo barua moja huwafikia wanachama wote: E-DRUG, kisha AFRO-NETS, zilizopitia kwenye kompyuta za shirika la SatelLife huko Marekani. Chini ya kila barua ya AFRO-NETS palikuwa na mistari ile ile: andika hivi kujiunga, andika hivi kujitoa. Mistari ile ndiyo iliyonifunza kazi.

Nasi ofisini, kule kwenye kilima cha Mulago, tukapata listi yetu ndogo ya watunza maktaba na wauguzi wa kanda hii. Karatasi zangu zinasema 1997. Mwenzangu mmoja anashikilia 1996. Si neno. Karani wetu asiyelala alikuwa programu iitwayo Majordomo, iliyokaa kwenye kompyuta ya watu mbali sana nasi, na sisi hatukuwa na njia ya kuigusa isipokuwa kwa barua. Kubadilisha waraka wa kuieleza listi ulimwandikia Majordomo mstari wenye agizo newinfo, jina la listi na neno la siri, ukaweka maelezo yako chini yake, ukafunga kwa herufi EOF peke yake katika mstari wake. Kwa waraka wa kumpokea mgeni agizo lilikuwa newintro. Ukisahau zile herufi tatu, programu ilibeba kila kilichofuata, pamoja na saini yako na sanduku lako la posta, na kila mgeni akaletewa. Halafu ulisubiri usiku upite ndipo ujue agizo limekubaliwa.

Kwa kuwa kila jaribio lilikula siku, maneno yalipaswa kuwa tayari kabla hayajatumwa. Ndipo anapoingia Hajati.

Hajati alikuwa na duka la kupiga chapa mtaani Wandegeya, ngazi chache chini ya barabara, kati ya kinyozi na mchoma kuku. Mchana duka lilinuka wino wa stensili na joto la karatasi zinazotoka kwenye mashine ya fotokopi. Kuanzia saa kumi na mbili jioni moshi wa kuku uliingia ukatawala, hata tasnifu za wanafunzi wa Makerere zilikwenda kwa walimu zikiwa na harufu ya mafuta na pilipili. Umeme ukikatika, mwanawe alivuta kamba ya jenereta, petroli ikaongezeka juu ya vyote hivyo, na Hajati akaendelea kuandika bila kuinua macho. Ofisini kompyuta ilikuwa moja na yenye wenyewe wengi, kwa hiyo rasimu zangu alizichapa yeye, akaziweka kwenye disketi, nikapanda nazo kilima.

Hakuwahi kutuma barua pepe katika maisha yake. Lakini rasimu yangu ya kwanza aliisoma akairudisha mezani. Nilikuwa nimeanza na masharti: usitume picha, usijibu kundi zima, usitangaze biashara. "Mwanangu," alisema, "mgeni hajakaa, umeshamsomea makosa?" Yeye alikuwa amechapa kadi za harusi, barua za posa na matangazo ya misiba, na alijua mpangilio: salamu, kisha nani yumo humu ndani, kisha utaratibu wa nyumba. Akauliza pia, kwa dhati kabisa, "Na akitaka kuondoka? Mwambie leo, asije akaona haya kuuliza kesho." Hivyo njia ya kutoka tukaiweka juu, mara baada ya salamu, ilhali wengine huizika chini. Nimesoma nyaraka za kukaribisha nyingi tangu siku ile na sijaona iliyo bora kuliko ile ya Hajati.

Tuliiandika kwa Kiingereza na Kiswahili. Kiswahili kilipita salama popote, maana hakina herufi zenye alama za ziada kama za Kifaransa. Kifaransa cha wenzetu wa Bukavu, Kongo, kilifika kimejaa alama zisizosomeka, na wao wenyewe wakatuomba tuwaandikie Kiswahili.

Baadaye ikaja programu ya Mailman, na kila kitu kikahamia kwenye kurasa za tovuti. Kisanduku cha maneno ya kukaribisha, kisanduku cha maneno ya kuaga, kitufe cha kuhifadhi, basi. Tulifurahi. Lakini mwili wa barua yenyewe ulikaa kwenye jalada la kiolezo ndani ya seva, na humo kulikuwa na vishimo vya kujazwa jina la listi na anwani yake: alama ya asilimia, neno ndani ya mabano, kisha herufi s. Ikidondoka herufi hiyo, mgeni aliweza kuletewa alama na mabano badala ya jina. Toleo la 2.1, lililotoka mwisho wa 2002, liliruhusu kila lugha iwe na violezo vyake. Na kila tarehe mosi ya mwezi Mailman ilimkumbusha kila mwanachama neno lake la siri, wazi wazi, pamoja na anwani ya kujitoa. Wengi walilalamika. Mimi niliipenda barua ile, kwa sababu kila mwezi mtu aliambiwa upya kwamba mlango uko pale.

Hajati alifariki kabla nyaya za baharini hazijatufikia. Duka lile sasa linauza kava za simu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Intaneti ikashuka bei, simu zikajaa mikononi, listi zikanyamaza moja baada ya nyingine, na watu wakahamia kwenye makundi ya WhatsApp. Huko unaingizwa bila kuulizwa: kamati ya harusi, mchango wa msiba, wazazi wa darasa la tatu. Hakuna anayekuambia kundi ni la nini wala nani yumo. Mpaka 2022 ukitoka, kundi zima lilitangaziwa jina lako, na Kampala hii kutoka kwenye kamati ya harusi ni sawa na kumsusa bibi harusi. Kwa hiyo watu walibaki, wakazima sauti, wakachukia kimya kimya. Kampuni nazo zinatuma ujumbe wa kujiendesha kutoka anwani isiyopokea majibu. Hilo linaniudhi kuliko yote. Majordomo, pamoja na ukavu wake wote, ukimwandikia alijibu, na ukimwandikia neno moja help alikutumia orodha nzima ya maagizo anayoyaelewa.

Nafasi ya maelezo ya kundi ipo, na ni bure. Mwaka jana niliomba niandike ya kundi la mtaa wetu: salamu, ni la nini, nani wa kumwuliza, na kwamba anayetaka kuondoka aondoke kwa amani, hatadaiwa sababu. Yalikaa siku mbili. Msimamizi akayafuta akaweka namba ya kupokelea michango.