Rangi Nyembamba, Sauti Nzima

Tunapokarabati gitaa la mbao nyumbani hapa Pinga, kazi haianzi kwa rangi. Kwanza twaondoa nyuzi, kisha twasugua ubao kwa msasa tukifuata mistari ya mti. Vumbi likiisha kufutwa, twapuliza rangi nje ya nyumba, pua zikiwa zimefunikwa: tabaka moja jembamba, mkono ukitembea bila kusimama. Twangoja ikauke, twasugua kidogo, ndipo twapuliza tena. Siku ya mvua twaahirisha, kwa kuwa unyevu huweza kuifanya vanishi iwe nyeupe kama ukungu.

Wengine hutuuliza: kuna faida gani kungoja, mahali ambapo mapigano ya 2012 na 2013 yaliwakimbiza wengi? Swali hilo ni la haki. Lakini rangi nzito ya haraka hutiririka, tena huuzuia uso wa gitaa usitetemeke vema. Chombo hung'aa, sauti ikafifia. Hofu yaweza kutuambia tufunge mizigo. Isitufundishe kazi mbaya. Atakayelipiga gitaa hili, hapa au ugenini, na alikute na sauti yake nzima.