Usiku wa Watoto Mlangoni

Kwetu Iringa mtu akipita jioni na kuona nyumba haina taa, hudhani wenyewe wamelala ama wamesafiri. Huku Marekani, katika jimbo la Minnesota tunakofundisha shule, kuna usiku mmoja katika mwaka ambao nyumba isiyo na taa husema neno jingine. Husema, Msije kwetu. Mwaka 2021, mwaka wetu wa kwanza hapa, nyumba yetu ilisema neno hilo, nasi twalikuwamo ndani, kimya nyuma ya mapazia, mume na mke na mwana wetu wa miaka saba.

Usiku huo ni wa tarehe 31 Oktoba, nao huitwa Halloween, yaani mkesha wa Watakatifu Wote, kwa kuwa sikukuu ya Watakatifu Wote ni tarehe 1 Novemba. Desturi zake ni za kale. Watu wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu iitwayo Samhain, ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi, na walidhani kwamba wakati huo wafu huzunguka karibu na walio hai. Wahamiaji wa Ireland walileta mambo hayo Marekani katika karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga mizizi minene mfano wa figili kubwa, na kutia mwanga ndani. Hapa walikuta boga, ambalo asili yake ni bara hili la Amerika, wakaona ni kubwa zaidi tena ni jepesi kuchonga.

Hata leo watoto huvaa mavazi ya ajabu, mmoja simba, mwingine mfalme, mwingine mzuka, wakapita mlango kwa mlango wakisema maneno ambayo maana yake ni, "Tupeni kitu kitamu, ama tutawafanyia mzaha!" Mwenye nyumba huwatilia peremende mifukoni, nao hushukuru na kwenda nyumba ya pili. Desturi hiyo ya kuomba peremende ilienea sana baada ya Vita Vikuu vya Pili, mgao wa sukari ulipokwisha mwaka 1947. Zamani mzaha wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko peremende. Katika mji wa Anoka, ulio kaskazini ya Minneapolis, vijana waliwahi kuwafungulia ng'ombe usiku huo, wakazurura katika njia kuu. Ndipo mwaka 1920 wakubwa wa mji wakafanya maandamano na karamu, ili vijana wapate furaha isiyo na hasara.

Basi, mbona sisi twalizima taa? Ndugu wasomaji mwaweza kujijibu wenyewe. Tulipoona majirani wakitundika mifupa ya bandia mitini na kusimamisha mawe ya makaburi katika majani ya uwanjani, mioyo yetu ilishtuka. Kwetu kaburi hupaliliwa, halichezewi. Twaliogopa tusije tukaonekana kuheshimu mizimu ambayo babu zetu waliiacha. Walakini mwana wetu alichungulia dirishani, akaona wenzake wa shule wakipita na taa zao, wakafika mbele ya nyumba yetu, wakatazama, wakapita. Akatugeukia akauliza, "Baba, Mama, kwa nini nyumba yetu peke yake ina giza? Je, tuna msiba?"

Swali hilo hatukuwa na jibu lake.

Mwaka wa pili twaliamua kufungua mlango, na kama ilivyo desturi ya mtu aliyechelewa, twalikimbia mno. Twalinunua mifupa, na mawe ya makaburi ya plastiki, na nyuzi za pamba za kufanya utando wa buibui. Twalinunua na barafu kavu, nayo si barafu ya maji, bali ni hewa ya kaboni iliyogandishwa. Baridi yake ni nyuzi 78 za Selsiasi chini ya sifuri, hata mtu akiishika kwa mkono mtupu huungua kana kwamba ameshika moto. Ikitiwa katika maji ya moto hutoa ukungu mweupe utambaao chini. Ukungu huo twaliuweka penye ngazi za mlango, na mmoja wetu akajifunika shuka nyeupe, akajibanza kando ya ngazi. Peremende zilikuwa ndani, nyuma ya mlango, ili mtoto asizipate ila amepita katika hayo yote.

Wakubwa walicheka sana. Kisha akaja binti mdogo, labda wa miaka minne, amevaa mabawa ya kipepeo, baba yake amesimama njiani akimngoja. Alipokanyaga ngazi ya pili, yule mwenye shuka akainuka. Mtoto hakulia mara moja. Alirudi nyuma bila kutazama, akakosa ngazi iliyofichwa na ukungu, akaanguka, na mfuko wake ukamwagika. Ndipo akalia, kilio cha mtu aliyedanganywa. Baba yake akaja akamwinua. Hakutukasirikia, alisema tu kwamba kwa usiku ule yatosha, akaenda naye nyumbani. Sisi twalibaki tukiokota peremende zake katika majani. Mwenye shuka alikuwa bado ameivaa.

Usiku ule twalisemezana hata saa sita. Mwalimu ambaye kila siku humtazama mtoto usoni kabla ya kumwuliza swali, aliwezaje kusahau kazi yake kwa ajili ya shuka moja? Twaliweka vitu vyote sandukuni, tukaona haya kuvitazama.

Mwezi wa Machi, mwaka 2023, msiba ulitujia kweli. Mama yetu, mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, alifariki Iringa, wala hatukuweza kusafiri kumzika. Ndugu zetu walitupeleka picha ya kaburi, udongo wake mwekundu ukiwa bado mbichi. Hata Oktoba ilipofika, mwana wetu akaleta lile sanduku, akalifungua, na kitu cha kwanza kilichotoka ni jiwe la kaburi la plastiki. Hakuna aliyesema neno. Mmoja wetu akalichukua, akalipeleka kwenye pipa la taka, akarudi na macho mekundu, akasema, "Mwaka huu tutazima taa."

Jirani yetu wa upande wa kulia ni mjane mzee, ambaye mwana wetu humwita Bibi. Yeye hutundika mifupa kila mwaka. Tulipomwambia habari yetu, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba na yeye alimzika mumewe miaka sita iliyopita, tena katika mwezi huo huo wa Oktoba. Twalimwuliza awezaje kutundika mifupa. Akajibu kwamba mifupa ile si ya mumewe. Ni karatasi tu, nao watoto waijua. "Katika mwaka mzima," akasema, "huu ndio usiku ambao watu hubisha mlangoni kwangu bila ya kutaka kuniuzia kitu. Wakija zaidi ya mia, mimi huwatazama nyuso zote. Nikizima taa, nitamtazama nani?"

Ndugu wasomaji, ninyi mnaoishi mahali ambapo mtu hupiga hodi hata kuomba chumvi, huenda maneno hayo yakawa mepesi kwenu. Katika nchi hii mtu aweza kukaa mwaka mzima asijue jina la jirani yake. Neno la yule mama lilitulemea, tukaona kwamba jambo la kutayarishwa si vitisho, bali ni mapokezi, na kwamba vitisho, vikiwapo, yapasa vikae mahali pake.

Basi twalifanya matayarisho upya, nasi twayaeleza hapa.

Kwanza, njia. Twalifagia majani yote ngazini, tukafunga nyaya za taa chini kwa utepe mpana, mtu asijikwae. Hatukutia mishumaa katika maboga, kwa sababu nguo ndefu za watoto hushika moto upesi. Twalitia taa ndogo za betri. Maboga yenyewe hatukuyachonga mapema, kwa maana boga lililochongwa huoza katika siku chache. Kifuniko chake hukatwa kwa mshazari, kisu kikielekea ndani, ili kisitumbukie. Nyama yake twaliipika, na mbegu tukazikaanga kwa chumvi. Jirani zetu walistaajabu, kwani wengi wao boga hili hulitupa lote. Twaliwaambia kwamba kwetu hata majani yake ni mboga.

Pili, zawadi. Mwaka uliotangulia peremende zilikwisha mapema, tukawa wa kujificha tena. Safari hii twalitayarisha zawadi 150, tukazigawa katika masinia mawili, zenye karanga mbali na zisizo na karanga, kwa maana wako watoto ambao karanga kidogo tu huweza kuwaua. Kando yake twaliweka sanduku la penseli na mipira midogo, kwa mtoto asiyeruhusiwa peremende kabisa, na mbele yake boga lililopakwa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Rangi hiyo ni ishara iliyoenea Marekani tangu mwaka 2014. Mzazi akiiona kwa mbali, hujua kwamba mtoto wake hatatoka mikono mitupu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, vitisho. Hatukuweka kaburi wala mfupa. Twalifanya usiku wa porini kama tulivyousikia utotoni: popo wa kitambaa cheusi mitini, bundi juu ya paa, na katika pembe ya mbali ya uwanja fisi wa karatasi ngumu, mwenye macho ya kung'aa. Ukungu wa barafu kavu twaliuweka huko kwa fisi, nje penye hewa, nyuma ya ua mdogo mahali pasipofikiwa na mkono. Mwana wetu alikaa nyuma ya fisi, akicheka kicheko alichojifunza kwa babu yake kabla hatujahama.

Kisha twaligawanya njia mbili. Meza ya zawadi hatukuiweka nyuma ya vitisho, bali mbele kabisa, karibu na barabara, chini ya taa kubwa, nasi tukakaa hapo kwa miguu yetu, nyuso wazi, tumevaa makoti mazito kwa maana baridi ilikuwa kali. Mtoto hupokea kwanza. Akiisha kupokea, huulizwa, "Wataka kumwona fisi, ama waenda zako?" Akitaka, hupita njia ya kuume, na jasiri hurudi akijisifu. Asipotaka, huenda zake, mfuko wake ukiwa umejaa sawasawa na wa mwenziwe. Hofu ya kuchagua ni mchezo. Hofu ya kuvamiwa ni dhuluma, hata akivamiwa kwa shuka tu.

Walianza kuja jua lilipokuwa likichwa, saa kumi na mbili jioni, na hata saa mbili unusu bado walikuja. Twalikuwa na makopo mawili, moja limejaa maharage. Kila mtoto alipokuja, twalihamisha harage moja. Usiku ulipokwisha twalihesabu maharage 118. Wengi walimwendea fisi. Kijana mmoja mrefu aliyejifanya shujaa alitoka huko mbio kuliko wote, akaacha kofia yake, nasi tukacheka naye. Wadogo wengine walisimama mezani, wakamtazama fisi kwa mbali, wakatikisa kichwa, wakaenda zao kwa amani.

Usiku kucha twalikuwa tukimtafuta kwa macho yule binti wa mabawa ya kipepeo. Walikuja vipepeo watatu, lakini makoti yalifunika mabawa, na vinyago vilifunika nyuso. Tena mtoto hukua katika mwaka mmoja. Kama alikuja, hatukumtambua. Kila mdogo twalimpokea kana kwamba ndiye.

Taa zilipozimwa kotekote, Bibi alikuja na kikombe cha chai, akakaa mezani petu. Akatuuliza habari za mama yetu, alikuwa mtu wa namna gani. Tangu Machi hakuna mtu wa nchi hii aliyetuuliza neno hilo. Twalimweleza hata chai ikapoa: mashamba yake ya mahindi, ukali wake, na jinsi ambavyo hakuweza kumwona mtoto wa mtu akipita pasipo kumwita na kumpa hindi la kuchoma. Tulipokuwa tukisema hayo, twalitazamana, tukaona kwamba tangu jioni twalikuwa tukifanya kazi yake.

Tangu mwaka ule twafanya hivyo kila tarehe 31 Oktoba. Yule fisi amekwisha kushonwa mguu mara mbili. Wako Wakristo wenzetu hapa ambao huuacha usiku huo upite bila kuushika, kwa ajili ya dhamiri zao, wala hatuwalaumu, kwa maana na sisi twalikuwa hivyo. Twasema yale tu yaliyotupata. Wazee wetu walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Twaliisema methali hiyo tangu utoto, tukidhani ni maneno ya adabu ya kumfurahisha mgeni. Sasa twajua kwamba imesemwa kwa ajili ya mwenyeji.