Lawalawa: Kumbukumbu za Waliojitolea Vijijini Singida

Katika mkoa wa Singida, ukeketaji, yaani ukataji wa sehemu ya viungo vya nje vya uzazi vya mtoto wa kike au mwanamke pasipo sababu yoyote ya kitabibu, haukupokewa na kila kizazi katika sura ileile. Waliozaliwa kabla ya Uhuru wanaukumbuka kama sherehe iliyofanyika hadharani; waliokua baada ya Azimio la Arusha wanaukumbuka kama tiba iliyofanyika kwa siri; na wengi waliozaliwa baadaye hawaukumbuki kabisa, hata pale walipofanyiwa wao wenyewe, kwa kuwa walifanyiwa wakiwa wachanga. Mwandishi wa kumbukumbu hii ni wa kizazi cha pili kati ya hivyo vitatu, na yanayoelezwa hapa ni yale ambayo watu wa rika lake, hasa miongoni mwa Wanyaturu, ambao pia huitwa Warimi, waliyasikia, waliyaona na baadaye waliyafanyia kazi, wengine kwa kujitolea kupita nyumba kwa nyumba bila mshahara ili watoto wasikatwe.

Desturi ya zamani ilikuwa na mahali pake katika mwaka na katika maisha ya binti. Wasichana waliokaribia kuvunja ungo au kuolewa walikusanywa kwa makundi, kwa kawaida baada ya mavuno, wakakatwa na ngariba, yaani mwanamke aliyetambuliwa na jamii kuwa mwenye kazi hiyo, na wakati wa kuuguza majeraha wakafundishwa wajibu wa mke na wa mkwe, huku ndugu wakila, wakinywa na kuimba. Si haki kuipamba sherehe hiyo, kwa maana damu ilimwagika na wapo waliobaki na maumivu ya kudumu na uzazi wa shida, lakini ni lazima kukiri kwamba ilikuwa jambo la wazi, lenye wahusika waliojulikana na siku iliyojulikana, na kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi kwa serikali kuiona na kuipiga marufuku.

Marufuku hayo yalikuja na siasa mpya ya nchi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, viongozi wa serikali na wa chama walizungumza dhidi ya mila walizoziona kuwa za kurudisha watu nyuma, na ukeketaji ulikuwa mojawapo. Miaka hiyohiyo ilikuwa ya kampeni kubwa za elimu ya watu wazima, ikiwamo ile ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza iliwafikia watu wapatao milioni 2 nchini, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Kampeni ya vyoo ilieleza sababu ya kila jambo na ikampa msikilizaji kazi ya kufanya kwa mikono yake, wakati amri dhidi ya ukeketaji, kwa jinsi inavyokumbukwa na wazee wa Singida, ilifika kama katazo tupu. Tofauti hiyo ilikuwa na matokeo makubwa kuliko walivyotarajia walioitoa amri.

Ni katika kipindi hicho, kuelekea na baada ya mwaka 1970, ndipo habari za lawalawa zilipoenea. Lawalawa ni jina linalopewa mkusanyiko wa dalili katika sehemu za siri, hasa za watoto wa kike: muwasho, wekundu, vipele, ute wenye harufu, na kilio cha mtoto kila anapokojoa. Wataalamu wa afya wanazitambua dalili hizo kuwa za maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo na ya uke, yatokanayo na bakteria au fangasi, ambayo hushamiri pale maji ya kuogea yanapokosekana. Na Singida ni nchi kame, yenye msimu mmoja wa mvua, ambako katika miezi ya kiangazi mwanamke huweza kutembea mwendo mrefu kwa ajili ya ndoo moja inayopaswa kutosha kunywa, kupika na kuosha. Lakini kwa wazee waliokuwa wameona mila ikikatazwa muda mfupi kabla, maelezo yalikuwa tayari: mizimu ilikuwa imekasirika kwa kuachwa, ugonjwa ulikuwa adhabu, na dawa yake ilikuwa kurudisha kile kilichoachwa. Kwa kuwa waliougua walikuwa watoto wadogo, watoto hao ndio walioanza kukatwa.

Hivyo amri iliyokusudia kuimaliza desturi ikaihamisha tu. Ukeketaji ukaondoka kwenye sherehe ya mabinti ukaingia chumbani mwa mzazi aliyejifungua, ukafanywa na bibi au ngariba katika wiki au miezi ya mwanzo ya mtoto, mara nyingine kwa wembe na mara nyingine, kama ilivyoripotiwa katika mkoa huo, kwa kucha tu. Hapakuwa tena na ngoma wala mafunzo, na jirani hakuwa na la kushuku, kwa sababu mtoto mchanga hulia kila siku. Mwandishi anakumbuka kwamba katika utoto wake lawalawa ilitajwa na wanawake kwa sauti ya chini, kama ugonjwa ambao hospitali haiujui, na imani hiyo ndiyo iliyokuwa kikwazo kikubwa kuliko mila yenyewe. Maana mama aliyeamini kwamba mganga wa zahanati hawezi kuutibu hakumpeleka mtoto huko, na zahanati, isipomwona mtoto, haikupata nafasi ya kuonyesha kwamba inaweza.

Sheria ilikuja mwaka 1998, pale Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipoingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kinachomfanya mtu mwenye ulinzi au uangalizi wa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa mkosaji anapomkeketa au kusababisha akeketwe, kwa adhabu ya kifungo cha kati ya miaka 5 na 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Ni sheria iliyokuwa ya lazima, na ina upungufu wa kutomlinda mwanamke aliyetimiza miaka 18, lakini kwa Singida tatizo lilikuwa jingine: shahidi mkuu ni kichanga asiyeweza kusema, mtuhumiwa ni bibi yake, na mlalamikaji angepaswa kuwa mama ambaye naye yumo hatarini kushtakiwa. Woga wa polisi uliwafanya baadhi ya wazazi wachelewe kumpeleka kliniki mtoto aliyekatwa, hata alipokuwa na jeraha lenye usaha.

Hapa inafaa kueleza fikra inayoitwa kupunguza madhara, ambayo Watanzania wengi waliijua kupitia huduma kwa watu wanaotumia dawa za kulevya. Fikra hiyo hudai kwamba mtu asaidiwe pale alipo, bila kutakiwa kwanza abadilike, na kwamba mwenye kumfikia vizuri zaidi ni mtu wa karibu naye. Ndiyo iliyoongoza kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na ndiyo inayowapeleka waelimishaji rika kwenye maskani za vijana wanaojidunga. Je, inaweza kutumika kwa ukeketaji? Ikieleweka kuwa ni kuufanya ukataji uwe safi zaidi, jibu ni hapana. Ukimwi ulipoanza kuhofiwa, elimu iliyosisitiza hatari ya wembe mmoja kwa wasichana wengi iliwafanya wengine watafute wembe mpya kwa kila msichana badala ya kuacha, na nchini Kenya, hasa miongoni mwa Wakisii, kazi ikahamia kwa wauguzi. Shirika la Afya Duniani linapinga kabisa njia hiyo, kwa kuwa anayekatwa hakuchagua chochote, na mkato wa daktari ni mkato vilevile. Ikieleweka kuwa ni kumsogelea mzazi bila kumhukumu na kuuondoa ugonjwa anaouogopa, basi hicho ndicho kilichofanywa na wajitoleaji wa Singida, ingawa wengi wao hawakuwa na jina la kukiita.

Namna yao ya kufanya kazi inastahili kuelezwa kirefu, kwa sababu ripoti huihesabu bila kuionyesha. Mjitoleaji, kwa kawaida mwanamke mwenye watoto, aliyechaguliwa na kijiji au na kikundi cha kanisa au cha akina mama na kupewa mafunzo ya siku chache, alifika kwenye nyumba yenye mtoto mchanga katika siku ambazo ndugu wote hufika kumpongeza mzazi. Hakuanza na ukeketaji. Alimwamkia bibi kwanza, shikamoo ikaitikiwa, kwa sababu bibi mzaa baba ndiye mwenye neno kuhusu mwili wa mjukuu, na mkwe aliyetoka kujifungua hawezi kumkatalia. Kisha aliuliza mtoto ananyonyaje, anakojoaje, anaogeshwa kwa maji gani. Akionyeshwa wekundu au vipele hakubisha kwamba mtoto mgonjwa, jambo ambalo mabwana afya wa zamani walikosea kwa kusema kwamba lawalawa haipo. Alikubali kwamba ipo, akaeleza inatoka wapi, akamwosha mtoto mbele yao kwa maji safi, akaonyesha namna ya kumkausha na kufua nguo zake kwa sabuni na kuzianika juani, na kama dalili zilikuwa kali alimsindikiza mama hadi zahanati, wakarudi na dawa. Mtoto alipopona bila kukatwa, hoja ilikuwa imekwisha katika nyumba ile, na bibi aliyeshuhudia alikuwa mwalimu mwenye nguvu kuliko yeyote kutoka mjini, kwa kuwa aliweza kuwaambia wenzake kwamba enzi za ujana wake mabinti walikatwa wakiwa wakubwa na vichanga havikuwa na lawalawa.

Wanaume waliingia katika kazi hiyo baadaye, na kwa shida, maana wengi walishikilia kwamba hayo ni mambo ya wanawake, hata pale walipokuwa wao wanaotoa ujira wa ngariba. Mashirika yalisaidia: AFNET ya Dodoma ilikuwa miongoni mwa yaliyounganisha vikundi vya kanda ya kati, na baadaye yalikuwapo mengine yenye makao Singida mjini. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, ulielekeza kamati za ulinzi ziundwe hadi ngazi ya kijiji, na tarehe 6 Februari, siku ya kimataifa ya kupinga ukeketaji, imekuwa na hotuba na maandamano yake. Pamoja na heshima yote kwa shughuli hizo, mradi ulipomalizika fedha zilikwisha nao, baiskeli zikachakaa, na mjitoleaji akabaki na daftari lake akiendelea kugongewa mlango usiku na jirani mwenye mtoto mgonjwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, yaani watu wa kijijini wanaofunzwa na kulipwa posho kwa ajili ya kuhudumia kaya za jirani, ukilenga wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano. Ni haki kwamba nafasi hizo, kwa Singida, ziwaguse kwanza wale waliokwisha kuifanya kazi hiyo bure.

Takwimu zinaonyesha mabadiliko ya kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, unaowauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49, ulikuta asilimia 51 ya wanawake wa Singida wamekeketwa mwaka 2010, asilimia 31 katika utafiti wa 2015/16, na asilimia 20 mwaka 2022, wakati wastani wa taifa ulishuka kutoka 15 hadi 10, kisha 8. Hata hivyo, mahali ambapo watoto hukatwa wakiwa wachanga, hesabu hiyo huonyesha hali ya miaka mingi iliyopita: msichana wa miaka 15 aliyehojiwa mwaka 2022 alizaliwa mwaka 2007, na huenda hajui kilichompata. Akina mama nao huulizwa kuhusu binti zao wadogo, lakini mama anayejibu ndiyo anakiri kosa la jinai, na jibu lake halina budi kupokewa kwa tahadhari. Kwa hiyo yeyote anayetangaza ushindi katika mkoa huu anatangaza mapema mno, na kamati za vijiji, zahanati na familia hazina sababu ya kulegeza kazi kwa kutazama asilimia hizo. Mtoto wa kike aliyezaliwa Singida mwaka 2022 atafikia umri wa kuulizwa yeye mwenyewe mwaka 2037.